Viduara Vinne vya Sufu

Katika nyumba ya akina Bertolotti, mtaa wa Echesortu, hakuna mtu aliyewahi kutembea sebuleni. Watu waliteleza. Mlangoni kulikuwa na jozi sita za vitambaa vizito vya sufu, vimekatwa kwa ukubwa wa unyayo na kushonwa pembeni, na kila aliyeingia, awe padri, awe daktari, awe fundi wa gesi na haraka zake, alikanyaga kimoja kwa mguu huu na kingine kwa mguu ule, akaenda bila kuinua miguu, swii, swii, mpaka kwenye kiti chake. Zamani nusu ya mji wa Rosario, kule Argentina, iliishi hivyo. Élida Bertolotti alijua kwamba nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho mtaani, na alijivunia jambo hilo waziwazi.

"Kwenu mtu akija kutoa pole, anarudi kwake na maumivu ya mapaja," alisema Chola, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo. "Siku nikifa, nakusihi, msiniagie hapo. Wabeba jeneza watapitiliza nami mpaka jikoni."

"Nani atakuaga hapa, wewe?" Élida alimjibu. "Na hivyo visigino vya viatu vyako?"

Sakafu yenyewe ilikuwa kazi ya mumewe. Anselmo alikuwa fundi wa sakafu za mbao kwa miaka arobaini na miwili, akitandika majumba ya matajiri kule karibu na mto, na kila jioni alirudi kwa baiskeli akiwa na mabaki ya mbao yaliyofungwa nyuma ya kiti. Vipande vyeusi, vya manjano, vyekundu kama divai. Ilimchukua miaka tisa kuimaliza sebule yake, kibao kwa kibao, kila kimoja kimelazwa mshazari kwa mwenzake kama mifupa ya samaki, na hata ukipitisha wembe baina ya viwili haupiti. Binti yao Griselda alipotimiza miaka kumi na tano, waalikwa thelathini walicheza walzi juu ya vitambaa, wakigongana na kuangushana kwa vicheko, na asubuhi yake Anselmo alipiga magoti na tochi, akaikagua sakafu yote mpaka kwenye kona. Hakukuta hata mkwaruzo mmoja. Alifurahi kuliko binti.

Upande wa Élida ulikuwa miguu ya samani. Chini ya kila mguu wa kiti, wa meza, wa kabati la vyombo, kulikuwa na kiduara cha sufu kilichobandikwa kwa gundi ya viatu. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, alivipindua viti vyote miguu juu, akabandua viduara vya zamani na kubandika vipya, kwa sababu chembe ya mchanga ikishanasa kwenye sufu, sufu hiyo ni msasa, na afadhali basi mguu mtupu. Hayo alifundishwa na Anselmo mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Mengine mengi aliyofundishwa na Anselmo aliyasahau, lakini hilo hapana.

Februari, Anselmo akapigwa na kiharusi.

Mkono na mguu wa kushoto vikafa ganzi. Maneno yakamtoka, yakabaki mawili matatu, na hayo nayo yalikuja yalipotaka yenyewe. Hospitali ilimrudisha na ile fremu ya chuma yenye miguu minne ambayo mgonjwa huishika kwa mbele na kuisukuma hatua kwa hatua. Griselda, ambaye sasa alikuwa karani wa shule na anaishi Funes, nje kidogo ya mji, alikuja siku hiyohiyo na msimamo wake.

"Kwa masista, kwenye nyumba ya wazee, kuna nafasi," alisema. "Pana lifti, pana muuguzi mchana na usiku. Hapa pana nini, mama? Pana uwanja wa kuteleza."

"Hapa ni kwake."

"Najua ni kwake."

"Mikono yake imo humu sakafuni, Griselda. Ukimtoa humu unamzika."

Griselda alikuwa mtu wa haki, kama baba yake, na kama baba yake akishasema hageuki. Akasema: sawa. Lakini nta isipakwe tena. Vitambaa viondoke mlangoni. Na atafutwe mtu wa kumtunza, mwenye nguvu na akili zake. "Na nikuambie mapema ili usije ukanililia. Likitokea jambo moja, moja tu, kwa sababu ya hii nyumba, nampeleka siku hiyohiyo."

Élida aliapa. Nta aliacha kweli. Vitambaa alivikunja akavitia kabatini, akajiona amenyang'anywa funguo za nyumba yake mwenyewe.

Mtunzaji alikuwa Eulogia, mwanamke wa mkoa wa Chaco, kaskazini, mfupi, mwenye mikono minene na jina zuri. Katika kazi hiyo jina ndilo cheti. Alikuwa amewatunza wazee wanne mtaani, wote mpaka mwisho wao, na kila familia ilimkabidhi kwa nyingine kama kitu cha thamani. Siku ya kwanza Élida alimtolea jozi moja ya vitambaa, kisirisiri, kana kwamba anampa peremende.

Eulogia alivitazama, akavirudisha. "Mimi nashika mtu, doña Élida. Anayeshika mtu hatelezi." Akaingia sebuleni na raba zake.

Walizoeana, kwa namna yao. Eulogia alikuwa akimpigisha Anselmo gumzo mchana kutwa, akijijibu mwenyewe. "Don Anselmo, leo supu tutaimaliza au tutaigeuza bahari? Aa, unasema tutaimaliza. Haya, nimekushika kwa neno lako." Na Anselmo, ambaye akiwa mzima alikuwa mchungu kuliko mate, ile chai ya majani ya kwao, isiyo na sukari, alitabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Élida aliwatazama kutoka jikoni huku akipata wivu kidogo, halafu akijionea aibu kwa wivu huo.

Shida ilikuwa miguu ya fremu. Ilikuwa na vifuniko vya mpira mweusi, na kila Anselmo alipoisukuma, mpira uliacha alama. Mwanzoni ni mistari myembamba kama ya penseli. Kufikia Julai palikuwa na njia nzima, nyeusi, kutoka kitandani kupitia sebuleni hadi bafuni. Élida aliifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa Eulogia akiwa ameondoka, na kesho yake ilirudi.

Mchana mmoja, katikati ya sebule, Anselmo akasimama. Aliinamisha kichwa akaangalia chini, fremu ikiwa mbele yake na njia nyeusi ikiwa nyuma yake. Mabega yakaanza kutikisika. Akalia, mdomo wazi, machozi yakidondoka juu ya mbao.

Élida alikuwa ameishi naye miaka hamsini na mmoja na hakuwahi kumwona akilia. Hata kwenye maziko ya mama yake alikuwa amesimama mkavu kama nguzo. Akashika ukingo wa meza.

"Analilia sakafu," alisema.

"Ni machozi ya kiharusi, doña Élida," Eulogia alisema, akimpapasa mzee mgongoni. "Daktari alisema. Jana amelilia tangazo la sabuni."

"Wewe humjui. Mimi namjua huyu. Analilia sakafu yake."

Eulogia hakubisha. Alimwambia Anselmo kwamba njia ni ndefu na bafu halitawangoja, wakaendelea, na fremu ikaongeza alama nyingine nne juu ya zile zilizokuwepo.

Kesho yake, saa nane, mtaa mzima ukiwa umelala usingizi wa mchana, Eulogia naye akiwa amekwenda duka la dawa, Élida alitoa kopo la gundi ya viatu. Alikuwa na viduara vinne vilivyobaki vya mwezi Machi. Aliilaza fremu juu ya meza ya jikoni miguu ikimwelekea, akaipangusa mipira, akapaka gundi, akangoja ikauke kidogo kama Anselmo alivyomfundisha, akabandika. Akabana kila kimoja kwa kidole gumba huku akihesabu mpaka mia. Alipoisimamisha na kuisukuma, fremu ilikwenda kimya, haikuacha kitu. Élida alicheka peke yake jikoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Februari, na ndiyo maana baadaye aliikumbuka sauti yake mwenyewe kwa kuichukia.

Hakumwambia mtu. Kwa nini amwambie mtu? Alikuwa amebandika viduara vya namna hiyo maisha yake yote, chini ya kila kitu kilichokuwa na miguu.

Siku iliyofuata, Eulogia akiwa uani anaanika mashuka, Élida alimwinua Anselmo mwenyewe. Hilo halikuwa limeruhusiwa, na alilijua. "Njoo uone, mzee wangu," alimwambia. "Njoo uone nilichokufanyia." Akampa fremu, akamtia sebuleni. Hatua ya kwanza, ya pili. Akamwonyesha nyuma yao: safi. Hatua ya tatu Anselmo aliegemea mbele kwa uzito wake wote, kama Eulogia alivyomzoesha, na fremu ikamtoroka. Iliondoka chini ya mikono yake kwa wepesi uleule wa wacheza walzi. Akaanguka kwa ubavu wa kushoto, ule uliokufa ganzi, na Élida akasikia kitu mwilini mwa mumewe kikikatika.

Gari la wagonjwa lilipofika, fremu ilikuwa imesimama kando ya ukuta kwa miguu yake ya mpira, na viduara vinne vilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Élida.

"Nyonga," daktari alisema. Wakampasua, wakamtia chuma.

Hospitalini, kwenye benchi la korido, Griselda aliuliza swali alilopaswa kuuliza. "Eulogia alikuwa wapi?"

"Uani," Élida alisema. "Alikuwa anaanika."

Lilikuwa neno la kweli, na huo ndio ubaya wake. Griselda akatikisa kichwa polepole, na Élida akaona jambo zima likijipanga usoni mwa binti yake bila yeye kulisukuma: mzee ameinuka mwenyewe, mtunzaji yuko kwenye kamba za nguo. Kosa la mtu, basi. Halikuwa kosa la nyumba. Élida angeweza kufungua mdomo pale pale. Aliangalia mashine ya kahawa iliyokuwa mwisho wa korido mpaka Griselda akaanza kuzungumzia mambo ya bima.

Siku tatu baadaye Eulogia alikuja nyumbani kufua mashuka yaliyobaki, ingawa hakuna aliyemtuma. Alipomaliza alikaa jikoni, akajimiminia chai ya mate, akanyonya kwa mrija mpaka kibuyu kikakoroma. Élida alikuwa anamenya viazi visivyo na mlaji.

"Nilikuona, doña Élida."

Kisu kilisimama.

"Nilipoingia kutoka uani nilikuona. Wewe unajua nilikuona, na mimi najua unajua."

"Utamwambia Griselda?"

"Mimi? Hapana. Wala usidhani ni wema. Mfanyakazi akimsema mwenye nyumba, watu wanasema anajikosha. Nikisema mimi, hamna kitu nimesema." Alijaza maji tena, akamsogezea Élida kibuyu. "Useme wewe."

"Nikisema watamchukua."

"Ndiyo."

"Basi unataka nifanye nini, Eulogia?"

"Nina miaka hamsini na minane," Eulogia alisema. "Sina shule, sina nyumba, sina mume. Nina jina. Ukilimaliza hilo sina kingine cha kuuza." Aliinuka, akasuuza kibuyu, akakiacha juu ya sinki pamoja na chupa yake ya chai kama mtu anayetarajia kurudi.

Élida alikonda. Kila siku alikwenda hospitalini kwa miguu, na njiani alikuwa akijifunza maneno ya kumwambia Griselda, na maneno yalikuwa mazuri mpaka kwenye ngazi za hospitali, pale yalipokauka. Alijiambia atasema Anselmo akitoka kwenye chumba cha uangalizi. Akatoka. Alijiambia atasema akianza kukaa. Akakaa. Viduara alivihamisha kutoka aproni moja kwenda nyingine kila alipobadilisha, na asingeweza kukueleza kwa nini hakuvitupa. Alikuwa anaogopa tu. Aliogopa nyumba isiyo na Anselmo kuliko alivyoogopa dhambi, na hiyo ndiyo kweli yote.

Siku ya kumi na tisa, Ijumaa, walimrudisha.

Griselda alikuwa amepanga kila kitu. Mtunzaji mpya ataanza Jumatatu, msichana wa wakala mwenye sare na simu ya dharura. Eulogia ameitwa saa kumi aje kuacha ufunguo na kuchukua vitu vyake. Kwa masista bado walikuwa wamemshikia kitanda mpaka mwisho wa wiki, lakini Griselda alisema hatakihitaji. "Nimefikiri sana, mama," alisema akiwa amemshika mkono, kwa upole ambao Élida hakuwa ameuona tangu utoto wake. "Sikukutendea haki. Nyumba haina kosa. Kosa lilikuwa la yule mwanamke."

Watu wa gari la wagonjwa, vijana wawili wenye viatu vizito, walimsukuma Anselmo kwa kiti cha magurudumu hadi mlango wa sebule. Nje kulikuwa kunanyesha. Kabla Élida hajamtazama mumewe usoni alitazama magurudumu, na yalikuwa na matope. Halafu ndipo akamtazama usoni. Alikuwa amekuwa mdogo. Shati alilotoka nalo lilimkaa kama la mtu mwingine.

"Mwingizeni, mwingizeni hivyo hivyo," Élida alisema haraka, kwa sauti ya juu mno, na vijana wakamsukuma mpaka mezani. Magurudumu yakaacha mistari miwili ya matope juu ya mifupa ya samaki. Kisha wakatoka kwenda kujaza karatasi zao garini.

Eulogia aliingia kwa mlango wa jikoni saa kumi kamili. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliweka ufunguo mezani mbele ya Griselda.

"Nitakuwa mkweli kwako, Eulogia," Griselda alisema. "Wakinipigia simu kuuliza habari zako, siwezi kuwadanganya. Uliacha mgonjwa peke yake."

"Nimekusikia, señora."

"Sina chuki na wewe."

"Hapana, najua." Eulogia hakumtazama Élida hata mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake, kutomtazama. Aliinama mbele ya kiti cha magurudumu akamfunga Anselmo kifungo cha shati kilichoruka. "Don Anselmo, mimi nakwenda. Supu uwe unaimaliza yote, usije ukanitia aibu kwa huyo mpya. Eh? Unasema utaimaliza? Haya, nimekushika kwa neno lako."

Anselmo alitabasamu kwa nusu yake.

Élida aliingiza mkono mfukoni na kuweka viduara vinne juu ya meza, karibu na ufunguo. Vilikuwa vimejikunja pembeni, na kila kimoja kilikuwa na utando mweusi wa mpira uliong'oka nacho.

Griselda alivitazama. "Vya kiti gani hivi?"

"Vya fremu."

"Fremu gani?"

"Ya baba yako. Nilibandika chini ya miguu. Ilikuwa inachafua sakafu, naye alilia, Griselda, alilia kama mtoto, nikasema nitamwekea. Eulogia hakujua. Akiwa uani nilimwinua mimi, nimwonyeshe. Fremu ikateleza."

Griselda alichukua kiduara kimoja, akakigusa upande wenye gundi. Alikuwa binti wa nyumba ile. Alijua gundi ya viatu inavyoshika.

"Sasa nilipofika hospitalini na kuuliza fremu iko wapi, mlisema iko sebuleni. Jioni niliiona. Haikuwa na kitu."

"Nilivitoa."

"Ulivitoa lini?"

"Baba yako alipokuwa chini."

"Kabla ya simu au baada ya simu, mama?"

Kwa siku kumi na tisa Élida alikuwa ameyapanga maneno yake yote na hilo halikuwamo. Hata nafsini mwake alikuwa amelizunguka, kama mtu anavyozunguka kiti usiku bila kuwasha taa.

"Kabla."

"Vyote vinne?"

"Havikutaka kutoka. Nikachukua kisu cha viazi."

"Simu nilipiga mimi," Eulogia alisema kwa sauti ya chini. "Niliporudi kutoka uani."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Anselmo alikuwa amelala kwa ubavu, shavu lake juu ya mbao zake mwenyewe, macho wazi. Hakupiga kelele. Élida alikuwa amepiga magoti hatua tatu kutoka kwake, fremu mapajani, akikwangua mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wakati wote huo mumewe alikuwa akimwangalia. "Ngoja kidogo, mzee wangu," alikuwa akimwambia. "Ngoja kidogo tu." Alikuwa kwenye mguu wa nne Eulogia alipoingia na kapu la nguo.

Griselda aliketi. Alikuwa mweupe kama sahani. Baada ya muda alisukuma ufunguo kwa kidole mpaka ukafika upande wa Eulogia, kisha akaona ni upuuzi, ufunguo wa nini sasa, akauacha. "Nisamehe," alimwambia. "Nitawapigia wote niliowaambia. Leo."

"Asante," Eulogia alisema. Alikuwa analia bila sauti, na hakujifuta.

"Lile gari bado lipo nje?" Griselda aliuliza.

"Lipo."

"Waambie wasiondoke."

Élida hakuomba. Alijitazama ndani akitafuta neno la kuombea akakuta hana, kwa sababu angemwomba binti yake amwachie mzee mikononi mwa nani? Mwa yule aliyekuwa amepiga magoti na kisu? Alisema tu, "Mchukulie lile blanketi la kijivu. La masista litamwasha."

Wakati huo Anselmo, ambaye hakuna aliyekuwa akimwangalia, alikuwa amenyoosha mkono wake mzima mezani na kuchukua kiduara kimoja. Alikigeuza. Akakipitishia kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa akipima ulaini wa kibao kabla ya kukitandika. Élida alingoja. Alidhani ataelewa sasa, huyu fundi, kwamba kilikuwa kwa ajili ya sakafu yake, kwamba kosa lake lilikuwa kosa la mapenzi. Anselmo alikiacha kianguke mapajani. Aliangalia mguu wake wa kushoto uliolala juu ya kibao cha kuwekea miguu cha kiti kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine, na mabega yakaanza kutikisika, na akalia vilevile kama ule mchana wa Julai, mdomo wazi, na macho yake hayakuwa sakafuni hata kidogo.

Élida akaelewa. Siku ile, alipoinamisha kichwa, hakuwa akitazama alama. Alikuwa akitazama mguu. Miaka hamsini na mmoja amekaa na mtu huyu na hakumjua kiasi hicho.

Wale vijana waliingia. Griselda aliweka blanketi juu ya magoti ya baba yake, wakakigeuza kiti, wakapita juu ya matope yao wenyewe kurudi mlangoni. Hapo ndipo Anselmo alipoutupa mkono wake wa kulia na kuushika mwimo wa mlango.

Kiti kikakwama. Kijana mmoja alisema, "Twende, babu," akamvuta kidogo, lakini mkono ule ulikuwa umepiga nyundo miaka arobaini na miwili, na haukuachia. Anselmo alifungua mdomo akatafuta neno, likakataa. Kama alikuwa akiishika nyumba, au sakafu, au mkewe, au aliogopa tu mvua, hakuna aliyeweza kujua, na Élida safari hii hakusema kwamba yeye anajua.

"Mama," Griselda alisema, na sauti ikamkatika. "Anakusikiliza wewe. Mwambie aachie."

Élida alikwenda. Alitembea na viatu vyake, akiinua miguu. Alimpigia magoti pale mlangoni na kuweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, na ulikuwa wa moto.

"Achia, mzee wangu," alisema. "Nitakuja kesho asubuhi."

Hakuachia. Basi Élida akaanza kumbandua vidole mwenyewe, akianzia kidole kidogo. Kimoja. Cha pili. Vilikuwa vimeshika kuliko gundi. Anselmo alikuwa akimwangalia, kama alivyomwangalia siku ile kutoka chini, bila kelele. Alipofika kwenye kidole gumba alikishika kwa mikono yake miwili, akakaa nacho kidogo, kisha akakiondoa nacho.